Sangari, ndulele na gugu karoti kwenye malisho: ung'oe, upulizie dawa, uzungushe ng'ombe au upande upya?

Mfugaji mwenye ekari moja hadi tano za malisho, awe Hai, Lushoto, Njombe au kule Nyandarua, siku moja hujikuta nyasi zimepungua, magugu yamezidi, na kila mtu ana ushauri wake. Jirani anasema apulizie dawa. Mzee wa kijiji anasema malisho hayapuliziwi, yanang'olewa. Muuza mbegu anamwambia alime lote apande Boma Rhodes, nyasi ya malisho. Afisa mifugo anataka agawe shamba vipande azungushe ng'ombe. Wote wanne wana hoja. Na kila mmoja anaweza kumtia hasara mtu ambaye shamba lake halifanani na yale aliyoyazoea yeye.

Hapa nazilinganisha njia hizo nne kwa vipimo vilevile, ili uone ipi inaendana na hali yako. Moto nimeuacha nje kwa makusudi. Kwenye mashamba madogo yaliyobanana na migomba, kahawa na nyumba za watu, moto una hatari kubwa, na sehemu nyingi hauruhusiwi bila kibali.

Kabla ya kuchagua njia, lijue gugu lako

Sangari ndiyo nyasi inayolaumiwa zaidi, na kwenye kahawa au mahindi inastahili lawama zote. Inatambaa chini ya udongo kwa mashina membamba meupe yenye vifundo, na kila kifundo kikikatwa kinaweza kuotesha mmea mpya. Lakini kwenye malisho mambo ni tofauti: ng'ombe anaila sangari vizuri, ni laini, ina lishe ya kutosha, na inashika udongo kwenye miteremko. Ukiwa na eneo la kuchungia ambalo nusu yake ni sangari na ng'ombe wanashiba, hapo huna gugu, una malisho. Inakuwa adui pale ulipopanda Rhodes ya kuvuna marobota ya majani makavu, au desmodiamu (mkunde wa malisho), nayo sangari ikaanza kuimeza.

Wapo pia ndugu zake wa msimu, wale wenye suke lililogawanyika kama vidole, wanaoota kwa fujo mvua zinapoanza. Ng'ombe anawala nao. Shida yao ni kwamba kiangazi kikiingia wanakauka na kupotea, wanakuachia udongo mtupu, na mvua zikirudi udongo huo ndio unaoota gugu baya zaidi.

Maadui wa kweli ni wale ambao ng'ombe hawali, au wakila wanadhurika. Ndulele ina miiba na matunda yenye sumu. Mnanaha ng'ombe huukwepa ukiwa mbichi, lakini ukikaukia ndani ya hei (majani makavu ya akiba) huliwa pamoja na majani mengine. Lantana huharibu ini, na ng'ombe aliyeila huchubuka sehemu zenye ngozi nyeupe akikaa juani. Gugu karoti, ambalo Arusha na sehemu nyingi za Kenya sasa wanalijua vizuri, linachachamaza ngozi ya mtu, linabana kifua, na linatia maziwa uchungu. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Kishona nguo wala usikose usingizi kwa ajili yake: kikiwa kichanga ng'ombe wanakila.

Kisha pima hali ya shamba, na kazi hiyo haichukui hata nusu saa. Tembea kwa mshazari kutoka kona moja hadi nyingine, hatua 100. Kila hatua tazama ncha ya kiatu chako imegusa nini: nyasi nzuri, gugu, au udongo mtupu. Andika kwa vistari kwenye karatasi. Macho hudanganya, kwa sababu gugu lenye maua huonekana kuwa jingi kuliko lilivyo, na udongo mtupu hufichwa na majani ya pembeni. Kwenye ulinganisho huu nitairudia hesabu hiyo, maana idadi ya hatua zilizoangukia kwenye nyasi nzuri ndiyo inayoamua mengi.

Vipimo tutakavyotumia

Kwa kila njia tutaangalia mambo matano: inaua magugu gani na yapi yanaiponyoka, inataka kazi na fedha kiasi gani, ng'ombe na maziwa yanaathirika vipi wakati kazi inaendelea, matokeo yanadumu muda gani, na inamfaa nani.

Njia ya 1: Kung'oa na kufyeka

*Inaua nini.* Kung'oa kunafaa sana kwa magugu yanayosimama pekepeke yenye mzizi mmoja: mnanaha, gugu karoti, lantana changa. Fanya kazi hiyo siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa umelegea, mzizi utoke mzima. Ndulele inahitaji sururu au jembe, si fyekeo, kwa sababu ukiikata juu inachipua tena kutoka kwenye mizizi, mara nyingine na machipukizi mengi kuliko mwanzo. Sangari haing'oleki kwa jembe la kawaida. Unaikatakata na kuisambaza. Anayetaka kuitoa kwa mikono atumie jembe la meno, ainue bonge, alikung'ute, atoe mashina yote hadi yale membamba, ayaanike juani juu ya mawe au bati. Kwenye bustani ya mboga inawezekana. Kwenye ekari nzima, sijaona mtu aliyeimaliza hivyo.

Kufyeka hakuui, kunazuia mbegu. Ndiyo maana wakati wake ni kabla ya maua kufunguka. Gugu karoti linaweza kutoa maua ndani ya wiki 4 hadi 8 tangu liote, kwa hiyo kufyeka mara moja kwa msimu ni kama hukufyeka. Tena usifyeke chini mno. Ukishusha fyekeo hadi kwenye udongo unazikata nyasi nzuri za Rhodes na Setaria zilizosimama, huku sangari na nyasi za msimu zinazotambaa zikipata jua ambalo hazikuwa nalo. Acha urefu wa sentimita 10 hivi.

*Kazi na gharama.* Fedha kidogo, jasho jingi. Ukilipa vibarua, kwa shamba lililochafuka sana bei inaweza kuipita dawa. Kwa gugu karoti ongeza glovu, mikono mirefu na kitambaa puani. Anayevimba au kukohoa akiligusa asirudishwe kwenye kazi hiyo.

*Ng'ombe na maziwa.* Hapa njia hii haina mpinzani. Ng'ombe wanaweza kurudi siku hiyohiyo, ilimradi mabaki ya mnanaha, ndulele na lantana yameondolewa. Mmea wa sumu ulionyauka huwa mtamu zaidi kwa ng'ombe, kwa hiyo anaweza kudhurika kwa mabaki yaliyoachwa hata kama aliukwepa mmea uliosimama.

*Inadumu?* Inategemea kilichobaki pale ulipong'oa. Kama pamebaki shimo la udongo mtupu, gugu jingine litalijaza. Wang'oaji wazuri hutembea na mfuko wa mbegu za Rhodes au vipando mkononi, kila wanapotoa kitu wanatia kitu.

*Inamfaa nani.* Mwenye nguvu kazi nyumbani, magugu yakiwa bado machache, na kila aliyeona gugu karoti kwa mara ya kwanza shambani mwake.

Njia ya 2: Dawa ya magugu

*Inaua nini.* Dawa zote si moja, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Zile za kundi la 2,4-D huua majani mapana na kuacha nyasi. Zinafaa kwa kishona nguo, mnanaha na gugu karoti likiwa bado changa limelala chini. Ndulele kubwa hubabuka kisha ikarudi. Sangari haiguswi kabisa, kwa kuwa nayo ni nyasi. Mtu akikuuzia 2,4-D ili uue sangari kwenye Rhodes, amekuuzia maji. Zaidi ya hapo, dawa hizi zinaua pia desmodiamu na mikunde mingine uliyoipanda kwa gharama.

Glaifoseti huua karibu kila kitu cha kijani, sangari ikiwemo, kwa sababu inashuka hadi kwenye mashina ya chini. Masharti yake ni matatu. Sangari iwe inakua kwa nguvu, kijani, isiwe imekauka kwa jua wala kuliwa hadi chini. Mvua isinyeshe kwa saa sita hivi baada ya kupulizia. Na maji yawe safi, jambo ambalo wengi hawaelezwi dukani: glaifoseti hushikamana na chembe za udongo, kwa hiyo ukichota maji ya mfereji yenye tope, dawa inadhoofika ndani ya bomba kabla haijafika shambani. Kwa kuwa haichagui, kwenye malisho yenye nyasi nzuri haipuliziwi ovyo, inapakwa. Gugu lililosimama juu kuliko nyasi linapanguswa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo na kuloweshwa dawa, mpakaji akiwa na glovu za mpira.

Parakwati nakusihi uiache. Inaunguza majani haraka, mtu anafurahi siku ya pili, lakini mashina ya sangari chini yanabaki hai. Na ni sumu isiyo na kiuasumu kwa binadamu akiinywa, hata kidogo.

*Kazi na gharama.* Kazi ni chache kuliko njia zote: mtu mmoja na bomba la mgongoni anamaliza kipande kikubwa kwa asubuhi moja. Gharama ni dawa, bomba, na mavazi ya kujikinga, ambayo wengi huyafuta kwenye bajeti kwanza. Nunua dawa iliyosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, kwenye chombo kilichofungwa chenye lebo. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda haina lebo, na bila lebo hujui kipimo wala siku za kusubiri.

*Ng'ombe na maziwa.* Lebo hutaja siku ambazo mifugo haipaswi kula pale palipopuliziwa, na mara nyingi ng'ombe wa maziwa wana muda wao tofauti na wa nyama. Uliza mapema ng'ombe watakula nini siku hizo. Tatizo lingine ni samadi. Baadhi ya dawa za majani mapana, kama pikloramu na aminopiralidi, hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa bado hai na kutokea kwenye mavi. Samadi hiyo ukiitia kwenye nyanya au maharage, majani yanajikunja na kusokotana. Kwa mtu ambaye samadi ya zizi ndiyo mbolea ya bustani na migomba, dawa za aina hiyo hazimfai hata kama zinaua vizuri. Vivyo hivyo, upepo ukihamisha 2,4-D hadi kwenye nyanya au kahawa ya jirani, kesi hiyo huimalizi kwa maneno. Bomba lililobeba 2,4-D lisitumike kwenye mboga.

*Inadumu?* Msimu mmoja, miwili ikiwa nyasi zimechukua nafasi. Mbegu zilizo ardhini hazidhuriki.

*Inamfaa nani.* Mwenye eneo kubwa kuliko mikono aliyonayo, magugu yakiwa mengi ya majani mapana na nyasi zikiwa bado zipo chini yake. Au mwenye sangari anayejiandaa kupanda upya.

Njia ya 3: Kuzungusha ng'ombe na kupumzisha malisho

*Inaua nini.* Haiui magugu, inayanyima nafasi. Ng'ombe aliyeachwa eneo moja miezi yote huchagua. Anarudi kwenye kichipukizi cha Rhodes kila kinapotoka, anaiacha ndulele, na baada ya misimu miwili mitatu nyasi imeishiwa akiba ya mizizi huku ndulele ikiwa imenenepa. Ukigawa eneo vipande 8, kila kimoja siku 4, kila kipande kinapumzika siku 28. Ng'ombe waingie nyasi zikiwa sentimita 20 hadi 25, watoke zikibaki 8 hadi 10. Kiangazi mapumziko yaongezwe, kwa sababu nyasi hazikui kwa kalenda.

Njia hii inazikomesha vizuri nyasi za msimu na magugu madogo yanayotegemea udongo mtupu wenye jua. Kwa ndulele kubwa, lantana iliyokomaa na gugu karoti lililoshamiri, haitoshi peke yake. Mbuzi husaidia kula vichaka na majani mapana ambayo ng'ombe anayakwepa, ila usiwategemee kwenye lantana, nao pia inawadhuru.

*Kazi na gharama.* Gharama kubwa ni uzio na maji. Asiye na uzio anaweza kutumia kamba na kigingi, mradi kigingi kihame kila siku kwa mpangilio, si kila mtu anapokumbuka. Kazi yenyewe ni nyepesi, lakini haina likizo.

*Ng'ombe na maziwa.* Maziwa huwa hayashuki, na mara nyingi hupanda kwa kuwa ng'ombe wanakula majani laini. Tahadhari ni moja: mbegu za magugu hupita tumboni zikiwa hai. Ng'ombe waliotoka kwenye kipande kilichochafuka, au walionunuliwa mnadani, wafungiwe siku 2 hadi 4 kabla ya kuingia kwenye kipande safi. Hei ya kununua nayo ilishiwe mahali pamoja, ili kikiota kitu kigeni ujue pa kukitafuta.

*Inadumu?* Kuliko zote, kwa sharti kwamba haikatizwi. Inachelewa; usitegemee kuona tofauti kabla ya msimu mzima wa mvua.

*Inamfaa nani.* Ambaye hesabu ya hatua 100 imempa nyasi nzuri 70 au zaidi, na pia mwenye 40 hadi 70 aliye tayari kusubiri na kujazia mapengo. Mwenye ng'ombe wengi kuliko eneo lake haiwezi, kwa sababu hana kipande cha kupumzisha. Huyo inabidi kwanza apunguze mifugo au akate majani sehemu nyingine.

Njia ya 4: Kulima lote na kupanda upya

*Inaua nini.* Ikifanywa kwa utaratibu, inasafisha karibu kila kitu. Ikifanywa kwa haraka, inazidisha sangari, kwa sababu jembe la trekta kwenye udongo wenye unyevu ni mashine ya kupandia sangari. Utaratibu wenyewe ni kulima mwanzo wa kiangazi, mashina yatoke juu yakauke juani, kisha kurudia baada ya wiki kadhaa. Wengine hupulizia glaifoseti sangari ikiwa kijani, wanasubiri wiki mbili, ndipo wanalima. Mvua za kwanza zikinyesha, usipande. Acha mbegu za magugu zilizo juu ziote, uziue kwa palizi nyepesi isiyochimbua, ndipo upande. Subira hiyo inaokoa palizi nyingi za baadaye.

Cha kupanda: kwa marobota, Rhodes kama Boma au Elmba, kilo 4 hadi 6 kwa ekari. Mbegu zake ni nyepesi kama pamba, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu au vumbi la mbao ili zisambae, na hazifukiwi zaidi ya sentimita moja. Wengi hupoteza mbegu kwa kuzizika kama mahindi. Kwa kuchungia au kukata kila siku, nyasi ya Brakaria ya vipando hufunga udongo haraka na kuyafunika magugu. Nchini Kenya imeshambuliwa na utitiri mwekundu sehemu kadhaa, na kwa kondoo baadhi ya aina zake zinaweza kuchubua ngozi juani, kwa hiyo ulizia kwanza aina gani inafanya vizuri ulipo. Taasisi za utafiti, TALIRI kwa Tanzania na KALRO kwa Kenya, ndio pa kuanzia, na mbegu za malisho za serikali hupatikana pia kwenye shamba la Vikuge, Kibaha.

*Kazi na gharama.* Kubwa kuliko njia zote: kulima, mbegu, mbolea, na palizi ya wiki za mwanzo, ambayo haikwepeki.

*Ng'ombe na maziwa.* Rhodes huvunwa mara ya kwanza baada ya miezi 3 hadi 4. Muda huo eneo lote limefungwa. Asiye na nepia, mabua au hei ya akiba atajikuta ananunua majani kwa bei ya kiangazi. Afadhali kupanda nusu mwaka huu, nusu mwaka ujao.

*Inadumu?* Miaka kadhaa, ikifuatwa na mapumziko na mbolea. Samadi mbichi inarudisha mbegu za magugu. Irundike, iivishe, igeuze hadi ipate joto la kutosha katikati, ndipo uipeleke.

*Inamfaa nani.* Aliyepata nyasi nzuri chini ya 40 katika hatua 100, ana uhakika na ardhi yake, na ana chakula cha ng'ombe cha akiba.

Kwa hali yako

Kama una ng'ombe wawili wa ndani, ekari moja ya kukatia majani, na ndulele chache pembezoni: sururu baada ya mvua, vipando kwenye mashimo, basi. Dawa hapo ni gharama isiyo na sababu.

Kama gugu karoti limeonekana kwa mara ya kwanza, hata mashina kumi: usingoje njia nyingine yoyote. Ng'oa kabla ya maua, weka kwenye mfuko, choma mahali salama au zika kwa kina. Rudi pale kila baada ya wiki mbili mvua zote, maana mbegu zake hukaa ardhini miaka. Waambie majirani siku hiyohiyo, kwa sababu linasafiri kwa maji, magari na kwato.

Kama limeshatanda ekari nzima na nyasi bado zipo chini yake: dawa ya majani mapana likiwa changa, ng'ombe wakae nje kama lebo inavyosema, kisha anza kuzungusha. Ukipulizia bila kupumzisha nyasi baada yake, mwaka kesho utanunua dawa tena.

Kama unachungia kwenye sangari na nyasi za asili, maziwa yanatosha, na kinachokukera ni kwamba shamba halifanani na la jirani mwenye Rhodes: gawanya vipande, tia samadi iliyoiva, ondoa ndulele kwa mkono, uiache sangari ifanye kazi yake.

Kama sangari imeingia kwenye Rhodes ya kuuza marobota, hakuna dawa ya kupulizia itakayoitoa na kuiacha Rhodes salama. Uamuzi ni wa hesabu: ikiwa bado marobota yanajaa na wanunuzi hawalalamiki, endelea kuvuna, panda upya mavuno yakishuka. Kipande kimoja kimoja, si shamba lote.

Kama mteremko ni mkali, mfano Usambara, usilime lote hata kama hesabu imekupa nyasi 20. Andaa mistari kufuata kontua, yaani inayokingama mteremko, panda Brakaria au majani ya Guatemala kwenye mistari, na katikati acha kilichopo kishike udongo hadi vipya vifunge.

Na kama ardhi ni ya kukodi kwa mwaka mmoja mmoja: fyeka kabla ya maua, ng'oa yenye sumu, zungusha ng'ombe kwa kamba. Mbegu na trekta subiri hadi mwenye shamba akubali mkataba wa miaka mitatu au zaidi, ulioandikwa.